Marashi ya Ndani ya Valizi

Mado, shika simu!

Nimejifungia chumbani. Wageni wa mahari wako uani, nusu ya kambi ya Nakivale iko uani.

Unakumbuka nilimtuma Grâce mjini Mbarara na Pacifique, bwana harusi wangu, amsaidie kuchagua vitu vya valizi yangu ya ndoa, sanduku zima la zawadi? Mtoto wa mama mkubwa, nani tena ningemwamini? Nilimwambia mara tatu: marashi ni ile miski laini ya kila siku, inayonukia kama mtoto aliyetoka kuoga. Zile kali zinaniumiza kichwa.

Basi shangazi anafungua valizi mbele ya watu, anainua kitu kimoja kimoja, vigelegele. Vitenge. Viatu. Marashi. Mado, ni kali! Kali kabisa!

Nikasema moyoni, amesahau.

Halafu Grâce akainama kunifunga kitenge. Shingo yake inanukia miski. Miski YANGU.

Nikamuuliza polepole, "Hiyo umetoa wapi?"

Akamtazama Pacifique. Mado, AKAMTAZAMA PACIFIQUE.

Na huyo bwana, bila haya: "Alitembea sana siku ile, nikamnunulia ya matabishi tu."

Matabishi! Kama nyanya moja muuzaji anayokuongezea juu ya fungu.

"Na hii kali, nani alichagua?"

"Grâce. Alisema ndiyo unayopenda."

Sasa shangazi anagonga mlango, eti nijipulizie nitoke.

Mado, fungu lilikuwa yeye. Matabishi ni mimi.

Valizi nimeifunga. Natoka nayo, namkabidhi Grâce mbele ya watu wale wale. Wapige vigelegele tena.