Inua Ulimi, Dada

Dada Skola,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama, na kwamba lile beberu lako bado linaogopwa hapo Mpui kuliko mgambo. Mahindi yanasemaje? Mimi hapa Uholanzi ni mzima, ila uzima wenyewe una maelezo, kwa hiyo vuta kigoda ukae.

Naandika kwenye karatasi na kumkabidhi sista anayerudi likizo Sumbawanga, kwa sababu simu ya hapo nyumbani inashikwa na Deo, na habari hii inamhusu. Mdogo wetu angeifuta kabla hujaisikia.

Unakumbuka nilivyoondoka nikijigamba kwamba Mfipa hatishwi na baridi ya Wazungu. Basi ilipofika nikakohoa, nikasema ni mafua. Nikakohoa mpaka wazee wa nyumba ya kutunzia wazee ninakofua mashuka, watu ambao hata kijiko kinawashinda, wakawa wananipa pole mimi. Kupigwa picha ya kifua, ni TB. Kama Deo. Nikaanza kufunga sanduku, maana nilijua narudishwa kwa ndege ya kwanza. Nesi akanikuta nakunja suruali.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kaa. Chakula cha mchana kinakuja."

Dada, wamenipa chumba changu peke yangu nisiambukize mtu, mshahara unaingia nimelala, na kila asubuhi nesi ananipigia simu ya video anione nikimeza vidonge. Siku ya kwanza nilivaa koti langu la harusi na tai, kwa heshima ya serikali yao. Chini nilikuwa na kaptula. Nikasahau, nikainuka kufuata maji. Tangu hapo hatufichani kitu. Nikishameza ananiambia, "Inua ulimi," ahakikishe sijaficha kidonge, nami na mvi zangu naachama kama ndama.

Halafu mkojo ukawa mwekundu. Moja kwa moja nikamfikiria shangazi Fortunata na lile shamba la mpakani tunalogombania, nikamvulia kofia kwa uchawi wake kunifikia mpaka huku ng'ambo. Nesi akacheka, akasema ni rangi ya dawa tu, kila anayezimeza humtokea. Nikampigia Deo tuchekeane.

"Vipi, na wewe wako mwekundu?"

"Ulikuwa. Sasa umerudi wa kawaida, kaka."

Kicheko kikanikauka.

"Deo, umeacha dawa?"

"Nimeshapona mimi."

"Deo."

Ndipo akasema, "Zinaleta njaa. Nikizimeza nakula kama nguruwe wa parokia, na mahindi bado mabichi shambani. Dada ananimiminia sahani yake, anasema ameshakula jikoni. Sasa mimi nipone, yeye aanguke?" Akaniapisha nisikuambie. Ndiyo hivyo, nimekuambia.

Vidonge vyake na vyangu ni vilevile, dada, na vyote tunapewa bure. Lakini mimi naletewa chakula mpaka narudisha kingine, na yeye anakaa akiogopa kushiba. Nesi anasema ukiacha katikati ugonjwa hurudi mkaidi, dawa hizi zisiuweze tena. Kwa hiyo arudi hospitali Sumbawanga wiki hii hii, barabara iwe tope isiwe tope, awaambie ukweli kwamba aliacha. Gunia la mahindi nimeshaliagiza kwa mwenye duka hapo Mpui. Usiligawe kwa majirani.

Na hiyo "nimeshakula jikoni" yako naijua tangu mama alipotuachia wewe. Niliwahi kuingia humo jikoni kuchungulia. Hakukuwa na sufuria nyingine.

Nisalimie mjomba Kasiani katekista, mwambie tai yake bado ninayo. Msalimie shangazi Fortunata kwa upole wa pekee, bila kumweleza sababu. Beberu lisalimie ukiwa mbali.

Akishaanzishiwa dawa tena, nitapiga video kila nikimalizana na nesi wangu. Deo ashike simu, ameze, aachame nimwone. Kisha akugeuzie wewe. Nataka nikuone na sahani yako mwenyewe, tonge la ugali mkononi, unatafuna, unameza. Usijaribu kunidanganya, mimi sasa nina uzoefu wa hospitali.

Halafu inua ulimi, dada.

Mdogo wako anayekula kwa amri ya nesi,
Polikapi