Bayuda, Neno Ulilonisahihisha

Ndugu yangu Idi,

Januari imefika tena, ya kwanza bila wewe. Nilidhani nitaogopa kusimama peke yangu kuongoza kumbukumbu yetu. Sikuogopa, ila nilikukumbuka nikiwasha mishumaa.

Unakumbuka siku ile ya kwanza, katika darasa letu la hapa mtaani Kimemi? Mimi, mwalimu wa katekisimu, niliwaambia watoto tuwaombee Bayuda, ndivyo tunavyowaita Wayahudi hapa kwetu, waliouawa Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili, hata vichanga, kwa kosa la kuzaliwa tu. Watoto wakaguna. Kwao Bayuda ni watu wa Yuda, yule msaliti. Nami ningewakemea vipi? Miaka kumi na miwili nilikuwa nimewafundisha hivyo hivyo kila Juma Kuu. Wewe, Mwislamu, dereva uliyetoka Beni na vumbi mpaka kwenye kope, ulikuwa umetuletea mabenchi tu. Ukasema kutoka nyuma:

"Mwalimu, na Yesu? Ye pia alikuwa Muyuda. Mama yake pia. Donc famille muzima inabeba zambi ya mutu moja?"

Niliona haya, Idi, kwamba niliubebesha ukoo mzima dhambi ya mtu mmoja. Tangu hapo tukawa tunawakumbuka pamoja kila Januari, Wakristo na Waislamu. Na ukinikuta na chai wakati wa Ramadhani, ulinitania: "Kunywa tu. Kufunga ni kwangu, hapana kwako."

Sasa nikupe habari. Kwa sababu ya mauaji ya huko Beni, ya waasi wanaojiita Waislamu, kamati yetu ilitaka mwaka huu Waislamu wasialikwe. Eti watu wana uchungu. Uchungu hata mimi ninao, nimemzika shemeji yangu aliyeuawa huko. Lakini niliwauliza swali lako, neno kwa neno. Nikaongeza kwamba mke wako asipoingia, nami siingii, watafute mwalimu mwingine. Wakakubali.

Mke wako, Mama Zaina, alikuja, yeye na wanawake saba wa msikitini. Walikaa mbele. Tulipomaliza alinishika mkono, akaniuliza polepole:

"Na siku batakuya kututafuta sisi Baislamu, kama Bayuda?"

Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikajikasirikia kwa kulia. Leo asubuhi nimempelekea ufunguo wa nyumba yangu.

Pumzika, ndugu yangu. Atakayekuja kumtafuta atanikuta mimi mlangoni.

Mwalimu wako,
Kavira