Springi Ulizotuma Sikuzifunga

Birimba, Rumonge
Jumamosi, 18 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Hamidou,

Assalamu alaikum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Eliana na yule mtoto ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Kifua chako kimetulia? Na kazini bado wanakupanga zamu za alfajiri? Shemeji yako Aliya ananiuliza kila wiki kama unakula vizuri, nami namjibu kwamba mtu anayeishi kwenye nchi ya chokoleti hawezi kukonda.

Sisi huku tupo, Mungu ashukuriwe, ingawa ziwa limepanda tena. Nyumba za chini karibu na bandari zimeingiwa na maji hadi madirishani, na shangazi Fatuma na watu wake tunakaa nao hapa kwetu tangu mwezi wa nne. Tuko watu kumi na mmoja kwa choo kimoja. Usicheke. Esansi ya magari nayo imekuwa ya kutafutwa kwa tochi, kwa hiyo garajini nina magari mengi yaliyolala na wenyewe wamekaa pembeni wakipiga soga.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimeshika simu mara tatu nikupigie, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za mvua. Mdomo wangu unaujua, kwenye mzaha hauchoki, penye aibu unakauka. Mwalimu Pontiani anakuja huko Liège kumwona binti yake, nimemwomba akukabidhi hii mkononi.

Sasa niseme. Springi ulizotuma sikuzifunga.

Zile springi ulizozitafuta miezi saba, ukazipakia kwenye kontena la yule rafiki yako Mkongo, ukaandika na karatasi mbili za maelezo kwa mkono wako, zilikuwa chini ya meza yangu ya kazi ndani ya katoni. Amotisa za kumeza mitikiso nilizifunga zote nne, na mipira mipya nikaiweka. Springi, hapana. Halafu nikakuambia nimefunga kila kitu. Na ulipotazama ile video niliyokutumia ukauliza mbona Farasi, gari la baba, amenyanyua mkia, nikakujibu kuwa ni namna nilivyoshika simu. Nilikudanganya. Mkia ulikuwa juu kweli, na aliyeunyanyua ni mimi.

Wewe uliondoka hapa ukiwa na miaka kumi na tisa, sijui kama unakumbuka tunavyofanya kazi. Kwetu hakuna gari linalotembea tupu. Kila linaloingia garajini mwangu hubeba bido za mawese, magunia ya dagaa wetu ndagala kutoka Gitaza, ndizi za Bugarama, na watu juu ya mzigo. Mteja haniulizi kama gari linakwenda taratibu na starehe. Anasimama nyuma yake na kutazama mkia. Ukiwa chini, gari halichukui. Nikishamaliza tunapakia bido sita zilizojaa, tunapanda nalo mlimani na kurudi, na likistahimili basi kazi imekwisha. Baba alinifundisha hivyo, nami nimefanya hivyo miaka ishirini na mbili bila mtu kunilalamikia.

Karatasi yako ilisema springi hizi ni laini kwa makusudi, maana Farasi ni gari la kutembelea, watu watatu wanne, bila mzigo. Uliniomba hata uzito wa Mama ili uchague vizuri. Nilicheka na garaji nzima, nikasema huyu Mbelgiji wetu anataka kumpima Mama kama gunia la ndagala! Nilipofungua katoni nikahesabu vile vyuma bapa vya springi za nyuma. Vinne tu kila upande, na vyembamba. Nikavirudisha kwenye katoni. Moyoni nilisema, mtoto amekaa kwenye lami nzuri mpaka amesahau barabara ya kwao.

Siku hiyo Farasi alikuwa bado amekaa juu ya springi za zamani, zile alizokuja nazo kwa baba, zimechoka kabisa. Akapita Venanti, yule muuza mawese aliyerudi kutoka Kigoma, akamzunguka mara moja. Akasema mbele ya watu wote: "Waziri, hii gari ya mzee imekaa chini kama kuku ya kutaga." Watu wakaangua kicheko. Mimi hasira zangu unazijua, na gari la baba kuchekwa sikuweza kuvumilia. Kabla jua halijatua nilikuwa nimeshatoa vyuma kwenye ile pikapu iliyokufa nyuma ya garaji, viwili kwa kila upande, nikaviongeza kwenye springi za baba. Mkia ukapanda. Venanti aliporudi kesho yake alisimama nyuma ya gari na kuitikia kwa kichwa kwa kuridhika, nami nikajiona mkubwa.

Nikampakia bido sita, nikaenda naye hadi Bugarama na kurudi. Hamidou, alikwenda kama anateleza juu ya mafuta. Nilijipongeza njia nzima. Nilijiona fundi kuliko wote wenye vitabu, na wewe ukiwamo.

Haikunijia hata kidogo kwamba kilicholainisha safari ile ni mzigo, na kwamba springi ngumu bila mzigo humrusha mtu. Nilishusha bido, nikapangusa buti la gari, nikampandisha Mama.

Hamu yake unaijua. Tangu baba afariki alikuwa akisema anataka kupelekwa Buyenzi kwao na gari lile mara moja, apite njia ile ile aliyoletwa nayo akiwa bibi harusi, enzi yule tajiri Mgiriki alipokuwa amemwachia baba Farasi wake na kurudi kwao. Basi wiki ya pili baada ya Idi, Jumamosi, akavaa kitenge kipya, akajipaka manukato, akakataa kabisa kukaa mbele. Alisema bibi harusi hakai karibu na dereva. Aliya akakaa mbele na mimi, Mama akawa nyuma peke yake, anapungia watu mkono. Sijamwona na furaha vile tangu msiba.

Kufika Minago gari lilianza kurukaruka, nikasema ni barabara. Muhuta hivyo hivyo. Mama alisema mara moja tu, "Waziri, pole pole baba," nikapunguza. Pale Gitaza, mahali ziwa lilipokula ukingo wa lami, watu wa barabara walikuwa wamemwaga mawe na udongo, pakawa na kilima kidogo. Sikuwa nakimbia, naapa kwa jina la Mungu. Mbele palipita vizuri. Nyuma palirushwa juu kama mtu amepapiga teke kutoka chini. Nilisikia kichwa cha Mama kikigonga juu, kisha nikasikia namna alivyoshuka. Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, kama mtu anayetua mzigo, na wanawake waliokuwa wakianika ndagala kando ya barabara wakaja mbio kabla sijafungua mlango.

Kwamba mfupa mmoja wa uti wa mgongo ulipasuka, hayo dada yetu Nadia alikueleza. Daktari Dusabe alituambia tumshukuru Mungu kwa sababu haukuhama mahali pake, na kwamba alale miezi mitatu, na kwamba kutembea atatembea, labda kwa fimbo. Hayo yote unayajua.

Usilolijua ni hili. Siku ya pili hospitalini, shangazi Fatuma alimwuliza Mama gari lilikuwa na nini. Mama akasema: "Ni ile mavyuma ya Hamidou. Vitu ya Ulaya haiwezane na barabara ya huku." Shangazi akaitikia, Nadia akaitikia, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akaitikia. Wote wakanitazama mimi fundi niseme neno. Nikanyamaza. Nilijiambia Mama anaumwa, si wakati wake. Kesho yake nayo nikasema si wakati wake. Baadaye likawa jambo linalojulikana na kila mtu katika nyumba hii, kwamba mtoto wa Ulaya alituma vyuma vibovu vikamvunja mama yake mgongo.

Ndiyo maana hapokei simu zako. Kila Ijumaa ukipiga, anatikisa kichwa, na mimi au Nadia tunakuambia amelala. Alikuwa macho, Hamidou. Ijumaa zote nne alikuwa macho, analitazama jina lako kwenye kioo mpaka simu inyamaze.

Ningeweza kuendelea hivyo, nakuambia kweli, kwa sababu mwoga huzoea. Ila juzi ulinitumia ujumbe ukaniuliza, "Kaka, nimemkosea nini Mama? Nambie tu, nitatengeneza." Nilikuwa nimelala chini ya gari la mtu. Nilibaki pale pale mpaka mwenye gari akadhani nimezimia. Nimekuwa kaka mbaya kwako, na sina neno zuri la kulipamba kosa hilo.

Jana nilivua vile vyuma vya pikapu na springi za baba, nikafunga zako, za mbele na za nyuma, nikifuata karatasi yako mstari kwa mstari kama mwanafunzi. Farasi amekaa chini. Venanti alipita, nikamwambia kabla hajafungua mdomo kwamba akicheka leo sitagusa gari lake maisha yangu yote. Esansi iliyobaki niliinyonya kwenye jenereta, nikaenda naye mpaka Gitaza peke yangu, tupu. Kwenye kile kilima nilipita kwa mwendo ule ule wa siku ile. Alipanda, akashuka mara moja, akatulia. Ni hivyo tu. Nilisimamisha gari kando, nikalia mpaka wale wanawake wa ndagala, ambao sasa wananifahamu, wakaniletea maji ya kunywa.

Nilitaka kufunga bahasha hapa. Nimeshindwa. Nitamsomea Mama kwanza.

Jumapili, baada ya adhuhuri

Naendelea. Nimemsomea leo asubuhi, yote, hata pale panaponivunjia heshima. Niliwatoa wengine chumbani, nikakaa kwenye kigoda karibu na kitanda chake. Alinisikiliza amefumba macho. Alinikatiza mara moja tu, akataka nirudie pale pa Venanti na kuku. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

Nilipomaliza alifumbua macho. Kisha akasema, "Waziri, uliniacha nichukie mutoto wangu."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, mtu mzima wa miaka arobaini na saba. Akajigeuza akaelekea ukutani, mwenyewe, bila kumwita Nadia amsaidie, na unajua kugeuka kunavyomwuma sasa. Tangu hapo hajanisemesha. Chai nimempelekea, ameiacha ikapoa. Nadia alipompelekea nyingine, aliinywa.

Nilimtuma Nadia amwulize kama tukupigie leo hii hii, aongee nawe. Alikataa. Alisema, "Asome kwanza kila kitu. Akisoma, anipigie yeye mwenyewe akipenda. Mimi sina uso wa kuanza." Kwa hiyo usidhani ni hasira. Anaogopa, kama nilivyokuwa naogopa mimi, tofauti ni kwamba yeye hakukosa kitu.

Kwangu mimi chukua muda wako. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa sauti ya juu, una haki. Ukitaka kukaa mwaka bila kunipigia, nitaelewa. Ila Mama usimweke akisubiri siku hata moja. Ukimaliza mstari huu, weka karatasi chini umpigie.

Aliya anakusalimu wewe na Eliana sana, na anasema kitenge cha mtoto kiko kwenye mzigo wa Pontiani. Shangazi Fatuma anakusalimu, ameona aibu kwa yale aliyoyaitikia. Nadia anakubusu. Venanti naye kasema nikuandikie amahoro, nami nimemwandikia hapa ingawa hastahili.

Kwa Mama nilisimama mlangoni nikamwuliza kama ana salamu za kukutumia. Alimwambia Nadia, si mimi, kwamba hataki salamu zake zipitie tena mkononi mwangu. Atakupa mwenyewe. Simu ameichukua mezani, ameiweka juu ya mto, karibu na sikio.

Mungu akulinde huko uliko, akuzidishie riziki na afya, na akupe moyo mpana kuliko wangu.

Ni mimi kaka yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Waziri