Nyambizi ya Watu Wawili Aliyoiona Baba

Liverpool, Sydney
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Mdogo wangu Hamza,

Assalamu alaikum. Kwanza nakuulizia presha yako, kwa sababu katika ujumbe wako ulinipa habari za kila mtu ila zako. Unameza dawa zako, au bado unawagawia majirani? Shemeji yangu Mwanaidi anaendeleaje na macho? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi kwa baridi ya huku, lakini linanifikisha kituo cha treni na kunirudisha. Binti yangu Zuhura yuko hospitalini kwa zamu, mumewe yuko ghalani Wetherill Park, na wajukuu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Siwaitikii mpaka warudie. Wamekwisha kuzoea.

Sasa nije kwenye neno lako. Umeniandikia kwamba hitma ya Baba itasomwa Ijumaa ya kwanza ya Shaabani, na kwamba vijana wameikuta karatasi ya maisha yake, ile ambayo yeye mwenyewe alimtamkia dada yetu akaiandika. Wanataka isomwe mbele ya watu. Wewe unataka isomwe yote isipokuwa aya ya nyambizi, “tusije tukachekwa tena”. Ukaongeza kwamba mimi ndiye niliyeikata aya hiyo siku ya maziko.

Ni kweli, niliikata. Na sasa nasema isomwe. Nakuandikia kwa mkono wangu ili usije ukasema simu ilikuwa inakatika.

Jumanne iliyopita kituo chetu cha wazee kilitupeleka bandarini kutazama makumbusho ya wanamaji. Dereva wetu ni Deo, Mrundi wa makamo aliyekulia kambini Kigoma, mtu mwema ambaye huvuruga sarufi kila afunguapo kinywa. Alitangulia ndani, kisha akarudi mbio.

“Mwalimu, njoo uone hii chuma! Eti ilikuwa ya watu wawili tu.”

“Chuma hiki. Kilikuwa.”

“Sawa, hiki. Lakini wewe na hiyo tumbo ungeingia?”

Nilikuwa nimekwisha kukiona. Ni mnara mdogo wa chuma wa juu ya nyambizi, tundu lake la juu halimtoshi mtu mnene, nao ulitolewa chini ya maji ya bandari hii hii. Mzee mmoja wa Kizungu, baharia mstaafu anayejitolea pale, alikuwa akieleza. Alisema kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajapani waliingiza humu nyambizi tatu ndogo, kila moja ikiwa na watu wawili na makombora mawili ya majini. Moja ilinasa katika wavu, watu wake wakajilipua. Nyingine ilizamishwa. Ya tatu iliikosa manowari kubwa ikapiga kivuko ambamo mabaharia walikuwa wamelala, wakafa wengi. Kisha ikapotea, na haikuonekana kwa zaidi ya miaka sitini, mpaka wapiga mbizi walipoikuta imelala chini ya bahari.

Nikamwuliza, “Je, zilitumwa mahali pengine pia?”

“Ndiyo,” alisema. “Karibu siku hiyo hiyo, kaskazini mwa Madagaska. Zilipiga meli mbili za Waingereza. Moja ikakwama ufukweni. Watu wake wawili walishuka, wakaenda kwa miguu, wakanunua chakula kijijini.”

Hamza, nilitafuta benchi nikaketi.

Unakumbuka maneno ya Baba? Kikosi chake cha jeshi la Waingereza kilipofika Bukini, yaani Madagaska hiyo hiyo, mapigano ya bandarini yalikuwa yamekwisha, naye akawekwa zamu ufukweni. Alisema aliiona imelala juu ya miamba kabla mawimbi hayajaichukua, akaihesabu hatua thelathini. Alisema mwanamke mmoja wa kijijini alimwonyesha kwa vidole: watu wawili, walitoka baharini wakiwa wamelowa, wakanunua chakula. Habari hii ya chakula ndiyo tuliyoicheka kuliko zote. Adui gani anayetoka baharini kwenda sokoni?

Nilimwuliza yule mzee urefu wake. Akasema mita ishirini na nne. Nikatoka nje, nikaanza kuhesabu hatua kando ya nafasi kumi za kuegesha magari, ambazo alisema ndizo urefu huo.

Deo akanifuata. “Mwalimu, unapima kiwanja? Hapa Sydney? Utakufa bila kumaliza kulipa!”

“Nyamaza, nimefika kumi na tisa.”

Zilikuwa thelathini. Unajua kwamba mimi na Baba tulikuwa tukivaa kiatu cha namba ile ile, na hatua zetu zililingana.

Hukuwapo barazani siku ile, Idi Mosi, walipokuja walimu wenzangu. Baba alianza kuwasimulia, nami nikamkatiza mbele yao: “Baba, hakuna nyambizi ya watu wawili. Nimesoma.” Sikuwa nimesoma popote. Aliweka kikombe chini, akamwuliza mgeni habari za mvua. Tangu siku hiyo hakuisimulia tena mbele yangu. Nikajisifu kwamba nimemrekebisha.

Na siku ya maziko, mtani wetu Kilua alipoweka karai la bati mbele ya jeneza na kupaza sauti, “Mzee huyu habebwi, anaendesha manowari yake mwenyewe! Imebaki nafasi ya mtu mmoja, nani anamsindikiza?”, watu walicheka kama ilivyo haki ya mtani kuchekesha. Mimi nilimkamata shingoni nikamtoa nje. Mtu hamkasirikii mtani mbele ya maiti, nalijua hilo. Watu walidhani namtetea Baba. Nilikuwa namwonea haya.

Kwa hiyo usiniambie habari ya kuchekwa. Na wacheke. Imamu akikunja uso, muulize kama aliwahi kufika Bukini. Vijana wakitaka kuirekodi kwa simu zao, wairekodi, waipeleke watakako. Usipunguze neno, usiongeze “inasemekana”, usiongeze “alidai”. Baba hakudai, aliona. Na baada ya aya hiyo msomaji aseme hivi, nami nimelipima kila neno: “Mwanawe mkubwa alimkanusha mbele ya wageni bila kujua alisemalo, na leo anamwomba radhi.” Ukiona haya kulisoma neno hilo, mpe dada yetu alisome. Yeye ndiye aliyeandika bila kumrekebisha.

Nisalimie dada, umbusu mkono kwa niaba yangu. Wasalimie wanao na wake zao, na yule mpwa wetu fundi wa redio, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyetufundisha alifu kwa kijiti, kama bado yu hai. Na mwendee Kilua nyumbani kwake, usimpigie simu. Mwambie nilivunja utani na namwomba msamaha. Mwambie aje kwenye hitma na karai lile lile, aliweke mbele, akae karibu na msomaji, acheke atakapo.

Ila kwanza atoke uani ahesabu hatua thelathini.

Kaka yako, mtoto wa askari aliyeona,
Mwalimu Salehe