Mkono wa Asava

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimechota maji, nimepiga kengele. Kengele yenyewe ni kipande cha reli. Watoto wamefika kutoka kambi za mashamba ya kahawa, miguu imelowa umande. Darasa la nne wameketi juu ya mawe kama kawaida.

Hilo ndilo darasa la mwisho hapa Ruiru kwetu. Shule ya kati iliyo karibu, ya darasa la tano na kuendelea, huchukua wawili watatu, basi. Waliobaki hurudi kuchuma kahawa.

Barua imetoka ofisi ya elimu, Thika. Mkaguzi anakuja Alhamisi kuona kama tunastahili fedha za serikali za kufungua darasa la tano. Nimefurahi mno. Sina wa kumwambia. Majirani huongea Kikuyu mpaka nitokee, halafu kimya. Mluhya hapa ni mimi tu.

Jumatano, 6 Machi
Wazazi wamevamia shule. Akina mama wamekandika kuta upya na kupaka chokaa. Mzee Karanja, mwenyekiti wa kamati, ameleta mabenchi ya kanisa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nikamwuliza ya nini.

"Mwalimu, mgeni akute watoto wamekalia mawe? Hata kwangu nyumbani mgeni hawezi kalia jiwe. Tutaficha uso wapi?"

Nilipaswa kukataa. Badala yake nikaenda kutafuta maua, nikayatia kwenye kopo, nikaliweka mezani. Hakuna aliyenituma.

Alhamisi, 7 Machi
Mkaguzi alikuja. Aliona chokaa, mabenchi, masweta ya kuazima. Alipewa chai na viazi vitamu, akala vizuri.

"Shule mzuri sana hii," akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Iko shule ingine mbaya sana."

Akaandika kwenye daftari lake, akaenda. Wazazi wakapiga makofi. Mimi nikasimama karibu na yale maua yangu, sikupiga. Jioni mabenchi yakarudi kanisani.

Ijumaa, 15 Machi
Jibu. Shule yenye hali nzuri kama yetu isubiri. Halmashauri ya elimu itakutana Alhamisi ijayo, na mwenye la kuongeza aje mwenyewe aseme.

Nilimsomea Mzee Karanja. Akaketi kwenye jiwe la darasa la nne, kofia magotini.

"Ni sisi tumefunga hawa watoto mlango," akasema.

Ameomba kibali cha kwenda Thika. Tangu serikali itangaze hii hali ya hatari Mkikuyu hatoki hapa mpaka pale bila karatasi.

Jumatano, 20 Machi
Kibali kimenyimwa. Nitakwenda peke yangu.

Nimeandika orodha ya mahitaji: madirisha, madawati, mwalimu wa pili. Nimeisoma mara nne. Hata mimi inanichosha.

Mzee Karanja alipita. "Wambie kitu umeona na macho yako, Mwalimu." Ni rahisi kwake kusema. Nilichoona kwa macho yangu sijawahi kumwambia mtu.

Alhamisi, 21 Machi
Nimesema.

Orodha haikutoka mfukoni. Nilianza na mabenchi. Niliwaambia yameazimwa kanisani, na maua niliyaweka mimi. Mkaguzi alikuwepo, akawa mwekundu mpaka masikioni.

Halafu nikawaambia habari za Asava. Kaka yangu. Alichelewa kuanza shule kwa kuchunga ng'ombe, kwa hiyo tulimaliza darasa la nne pamoja, kule Maragoli. Shule ya kati ilikuwa na nafasi moja tu kwa shule yetu. Asava akasema yeye ni mkubwa, atatafuta kazi, mimi niende. Akaja huku huku Thika, shamba la katani. Mashine ya kuchakata katani ikamla mkono wa kulia. Habari ilinifikia nikiwa darasani, nimeshika kalamu.

Bwana mmoja akavua miwani. Wakasema watafikiri.

Nimerudi Ruiru kwa miguu, nimeona aibu njia nzima. Nimemchukua kaka yangu nikamwanika mbele ya watu wasiomjua, na wala sikumwomba ruhusa.

Jumapili, 24 Machi
Habari zimenitangulia. Kanisani watu walinitazama mikono, sijui kwa nini mikono yangu. Mama Njeri, jirani yangu, ameniletea maziwa. Mwaka mzima hajawahi kunisalimia. Alisimama mlangoni, akaenda. Nimekasirika. Sitaki kuhurumiwa. Maziwa nimekunywa.

Nimemwandikia Asava, yuko nyumbani Maragoli tangu aumie, nikakiri yote. Barua itapitia kwa mhubiri, kama siku zote. Na jibu ataandikiwa na mhubiri, maana mkono wa kuandikia hana, kama likija.

Jumatano, 3 Aprili
Hakuna jibu, la Thika wala la nyumbani. Nimemfokea mtoto aliyeuliza kama darasa la tano litakuwepo. Nilimwomba radhi baadaye. Hata hivyo alikuwa amelia.

Jumanne, 9 Aprili
Barua mbili kwa mpigo.

Ya Thika: tumekubaliwa. Darasa la tano litafunguliwa Januari. Mzee Karanja ameisikiliza mara tatu, kisha akaenda kuwaita akina mama. Wanaimba huko nje sasa. Wameniita nami, nikasema nakuja.

Ya pili imetoka Maragoli. Mwandiko si wa mhubiri. Herufi kubwa, zimelala, nyingine zimeandikwa juu ya nyingine. Mkono wa kushoto. Sikujua amejifunza. Hakuniambia.

"Ulisema sawa. Lakini hukuwaambia hesabu nilikuwa nakushinda. Ukienda tena waambie."

Nimeketi kwenye jiwe la darasa la nne. Ni gumu, na lina ubaridi.

Ni kweli. Hesabu alikuwa ananishinda.