Bei ya Kupaka Rangi Fremu Yenye Ufa

Shanwe, Mpanda
Jumapili, mwezi wa tisa, 1976

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama mtu aliye huko bado huamkiwa, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Ni mwaka wa tatu sasa tangu tutoke Iramba na kushuka treni hapa Mpanda, mimi na wewe na lile pipa lako, watu wakidhani tumeleta pombe. Na ni miezi saba tangu nikuache kule makaburini. Shule yangu iliishia darasa la nne, na ulizoea kunitania kwamba nimelisoma bure kwa sababu sijawahi kumwandikia mtu barua. Basi nakuandikia wewe. Hapa sina mwingine wa kumwambia. Mjomba, naogopa.

Banda letu lipo palepale, nyuma ya nyumba ya Mama Veronika muuza maandazi. Pipa la kuokea fremu limetoboka upande mmoja, nimeliziba kwa udongo wa kichuguu. Wateja wamepungua. Nimegundua wengi walifuata maneno yako, si rangi. Mimi sina maneno. Nakwaruza kimya, wanachoka kunitazama, wanaondoka.

Kitu kimoja nimebadilisha, na usinicheke. Rangi ya kwanza, ile ya chini, sinunui tena nyekundu. Nanunua ya kijivu, ingawa haishiki vizuri kama ile. Unakumbuka ulipoanza kutema mate mekundu tukasema ni vumbi la rangi? Ulisema, "Mate ya fundi lazima yafanane na kazi yake." Tulicheka. Tulicheka muda mrefu sana, Mjomba, kumbe ilikuwa damu. Sasa nikitema nataka nijue ninachotema. Kila asubuhi natema, natazama. Mpaka leo ni kijivu.

Lakini hicho sicho kilichonifanya nishike kalamu. Ni fremu.

Unamkumbuka Bwana Kasogela, mwenye duka la sabuni na vipuri vya baiskeli karibu na stesheni. Siku hizi yumo pia kwenye kamati ya kata, na watu wanamwamkia kwa mikono miwili. Alikuja na fremu ya pikipiki, fremu tupu bila injini wala magurudumu, imebebwa begani na mpagazi. Akataka nikwaruze rangi ya zamani, nipake bluu, kisha niioke mpaka ing'ae kama mpya. Alikuwa amesikia habari za ile rangi ya unga ambayo bruda wa misheni alitusimulia, kwamba Ulaya wanapuliza unga mkavu kwenye chuma kisha wanauoka kama mkate. "Wewe si ndiye unayeoka?" aliniuliza. Nikakumbuka ulivyomuuliza yule bruda, "Unga wa mahindi au wa muhogo?" naye akacheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kumsimulia Kasogela, nikaona uso wake si wa kusimuliwa.

Akaniuliza bei. Na mimi nikataja.

Najua. Wewe hukumtajia mtu bei mpaka ukwaruze kwanza, naye amekaa kwenye kigoda anatazama kinachotoka chini ya rangi. Watu walikutukana kwa hilo. "Fundi gani anaficha bei kama mganga?" Nawe ukawajibu, "Mganga hutaja bei kabla ya kuona ugonjwa, ndiyo maana wagonjwa wake wanakufa." Lakini nilikuwa sijapata kazi siku nyingi, na harufu ya maandazi inapita banda letu kila asubuhi kama mtu wa kudai. Nikapiga hesabu kichwani ulivyonifundisha: rangi, msasa, petroli ya kuoshea, mkaa, mgongo wangu. Nikasema shilingi sitini. Ni bei ya haki, hata wewe ungeikubali. Nilitegemea ataniambia arobaini, tugombane, tufike hamsini.

Akasema, "Nitakupa mia moja. Ila paka nene." Akaniwekea nusu mkononi palepale.

Mteja wa Mpanda kujiongezea bei mwenyewe! Wewe ulikuwa unasema mteja akikuongezea bila kuombwa, tafuta anachonunua, maana si rangi. Mimi nilikwenda kununua unga.

Siku ya pili nikaanza kukwaruza. Nikaitundika fremu kwa kamba, nikaigonga kwa kijiko ulivyokuwa ukifanya, kama mama anayechagua chungu mnadani. Bomba la chini likalia vizuri. La juu likalia. Pale shingoni, usukani unapoingilia, ikasema kho. Kama mtu anayekohoa. Mkono wangu ukasimama wenyewe.

Chini ya rangi kulikuwa na puti, lile tope gumu wanalozibia mabonde kwenye mabati ya magari. Mtu aliipaka pale shingoni, akaisugua vizuri, akaipitishia rangi. Nikaichokonoa kidogo kwa ncha ya kisu. Ufa ulikuwa ndani, umezunguka karibu nusu ya shingo. Nawe uliwahi kunionyesha kwa mikono yako, wewe uliyekataa kupanda pikipiki maisha yako yote: gurudumu la mbele likigonga shimo, uzito wote unakwenda shingoni. Shingo ikikatika, gurudumu linakwenda zake, na waliopanda wanakwenda zao.

Nikamfuata Kasogela dukani. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikuwa anapima sabuni, akaendelea kupima. "Kijana, mimi nimekuletea fremu upake rangi. Wewe fundi rangi, si daktari wa vyuma." Nikamwambia kwenye karakana ya reli kuna mtu anachomelea vizuri, ufa ule ungefungwa kwanza ndipo nipake. Akasema, "Alama ya kuchomelea itaonekana, na mnunuzi akiona alama ananitajia bei ya chuma chakavu." Kisha akatabasamu. "Hivi wewe kwenu ni wapi vile?"

Nikasema Iramba.

"Mbali," akasema. "Maana lori litapita wiki ijayo kuwakusanya wasio na kazi maalumu, wapelekwe vijijini wakalime. Sisi wa kamati tunaulizwa nani ni nani. Nitasema wewe ni fundi. Na fundi ni mtu anayemaliza kazi yake, au siyo?"

Nikajibu ndiyo, mzee. Hivyo hivyo: ndiyo, mzee. Nikarudi bandani, nikakaa mbele ya fremu na msasa mkononi, nikaanza kuisugua ile puti iwe laini zaidi. Nakuambia ukweli. Nilikuwa najiambia kwamba sijui nani atanunua, labda ataiweka tu ndani kwa fahari.

Ijumaa mnunuzi akaja kutazama. Kasogela alimleta mwenyewe. Ni Mrundi wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, anaitwa Ndayizeye. Mtu mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka juu, anazungumza Kiswahili kama anayetembea juu ya mawe ya mto, polepole asianguke. Yeye na jirani zake wamechanga fedha za tumbaku wanunue pikipiki moja, yeye ndiye atakayeiendesha. Aliizunguka fremu kama anatazama ng'ombe wa mahari. Akaniambia, "Nyie mafundi wa mjini mna bahati, mnakaa kivulini na mnalipwa."

Nikasema, "Kivuli chenyewe kina harufu ya petroli."

Akacheka. Kisha akaeleza, si mimi niliyemuuliza, kwamba mke wake ana mimba kubwa, na ile ya kwanza iliharibika njiani wakimbeba kwenye machela kwenda hospitali. "Tumekimbia kwa miguu, tumehamia kwa miguu, tumelima kwa miguu," akasema. "Miguu imetosha, fundi. Huyu mtoto atafika hospitali amekaa." Akaipiga fremu kofi dogo pale shingoni. Palepale, Mjomba.

Kasogela alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama. Akasema, "Fundi wetu huyu ni mwaminifu. Marehemu mjomba wake ndiye aliyemfundisha." Akakutumia wewe. Nikainama, nikaanza kukunja msasa. Ndayizeye akanipa mkono. Wakaondoka. Anatarajia kumalizia malipo kwa Kasogela Jumatano, pikipiki ikishaunganishwa.

Tangu siku hiyo kila lori likipunguza mwendo barabarani naweka msasa chini na kuchungulia. Mama Veronika aliangusha sufuria jana, nikajikuta nimesimama nje ya banda bila viatu. "We Mnyiramba, umeona jini?" akaniuliza. Nikasema nimeumwa na siafu. Akaniangalia miguu, akaniangalia uso, akanipa maandazi mawili na hakudai kitu. Naye nadhani ameogopa.

Nimekuwa nikijiuliza wewe ungefanya nini, na nimejibiwa vibaya. Kwa sababu hukuwa shujaa. Unakumbuka wale watu wa kodi, ulivyoingia ndani ya pipa la kuokea na mimi nikaambiwa nikalie kifuniko? Walikaa wakizungumza habari za mahindi mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Ulipotoka, nusu ya uso ilikuwa nyeusi kwa masizi, na neno lako la kwanza lilikuwa, "Wameniachia sigara?" Kwa hiyo siwezi kusema Mjomba angesimama kidete. Mjomba angeingia kwenye pipa. Lakini pia sikumbuki fremu hata moja mbovu iliyotoka mkononi mwako imepambwa. Ulikuwa unaogopa watu, na bado chuma ulikisema kilivyo. Sijui uliwezaje vyote viwili. Hukunifundisha hilo, au ulinifundisha nikawa naangalia pembeni.

Jana niliwasha mkaa. Nilijiambia naipasha fremu moto tu, kukausha jasho la chuma kabla ya rangi ya kwanza, kama kawaida yetu. Lakini mikono ilijua. Puti haistahimili moto ule. Nikaifunika fremu kwa pipa, nikasubiri, nikasikia inapasuka ndani kama bisi. Nilipofunua, puti yote ilikuwa imebanduka, na ufa umekaa wazi, mweusi, hata mtu mwenye jicho moja angeuona akipita na baiskeli. Kipande kimoja cha puti kilianguka kizima, kimebeba umbo la shingo, na upande wa ndani mstari wa ufa umechorwa juu yake kama mshipa. Nimekifunga kwenye kitambaa.

Fremu yenyewe siwezi kumpelekea Ndayizeye, Kasogela ataita wizi. Nimeitundika mbele ya banda, shingo ikitazama barabara, bila rangi. Fedha zilizobaki nimemwachia Mama Veronika amrudishie. Zilizoliwa zihesabiwe kuwa malipo ya kukwaruza, maana kukwaruza nimekwaruza. Anayetaka kupaka nene atafute fundi mwingine na ajue anachopaka.

Kesho alfajiri naazima baiskeli ya Mama Veronika, naenda Katumba kumwonyesha Ndayizeye kile kipande cha puti. Naogopa kila hatua ya safari hiyo. Naogopa kwamba pale wanapoingilia kwenye makazi wataniuliza kibali, na mimi sina. Naogopa Ndayizeye hataniamini, maana mimi ni nani, na Kasogela ni mtu wa kamati. Naogopa kwamba ataniamini, akaja kumuuliza Kasogela kwa jina langu. Lori liko wiki hii. Wakinikuta njiani, mwanamume asiye na kibali, amebeba kipande cha udongo kwenye kitambaa, nitawaambia nini? Nitasema mimi ni fundi rangi. Watanitazama mikono, labda itanisaidia.

Leo asubuhi nimepita kaburini kwako. Majani yameota, nimeyang'oa yaliyokubali kung'oka. Sikusema kitu, kulikuwa na watu. Ndiyo maana naandika.

Nakuahidi hili moja, Mjomba. Nitamwambia yeye mwenyewe usoni, na mke wake akiwepo nitamwambia mbele ya mke wake, hata sauti ikitetemeka. Sitaacha kile kipande mlangoni nikakimbia. Hilo wazo limekwisha kunijia mara nyingi, nami nakuandikia ili nikijaribu nione aibu.

Sasa pumzika. Usiniwekee nafasi huko kwa sasa. Nategemea kurudi Jumanne, jua likiwa bado juu.

Mpwa wako,
Shaban