Mama, Sabuni Yako Nyekundu Imenikataa

Mama mpenzi,

Nimekukasirikia. Najua marehemu hasemwi vibaya, na kaburi lako bado nalifagia kila Ijumaa, lakini leo niache niseme. Umekwenda na rangi ya sabuni yako, na mdogo wangu Zamzam anaolewa mwezi ujao.

Unamjua kitinda mimba wako. Ameshaapa kwamba shangazi zake hawatamgusa na sabuni ya dukani. Anataka ile nyekundu uliyowapikia mabibi harusi wote wa kambi ya polisi, ile waliyoogeshwa asubuhi ya kupakwa hina, wakatoka ngozi inang'aa mpaka wakwe wanauliza kaipika nani. Nikajitia kimbelembele, nikasema nitaipika mimi. Mafuta yako ya shea kutoka kaskazini nayajua. Kipimo cha magadi ya kostiki nakijua. Hata kukoroga kwa mwiko upande mmoja tu, bila kugeuza, nakujua. Rangi ndiyo sikuijua, na si kwa uvivu wangu.

Kila sabuni ilipoanza kuwa nzito ulinigeukia. "Rehema, kalete maji." Maji gani, Mama, na jerikani zimejaa mlangoni? Lakini nilikwenda, nikapanga foleni bombani na wake wa askari, na nikirudi rangi imeshaingia, wewe unamimina kwenye trei ukiimba puani. Nikikuuliza umetia nini, unasema karkade. Kambi nzima uliiambia karkade.

Basi nikaenda soko la Kikuubo, nikasukumwa na wabeba magunia, nikarudi na mfuko wa karkade kavu, maua yale yale ya chai yetu ya Ramadhani. Nikayachemsha, nikatia. Kostiki ikayageuza kijani, kisha kahawia, rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Nikajaribu bitiruti. Kahawia. Bizari ndiyo iliyonidanganya zaidi. Ilipoingia tu ikawaka nyekundu, nikapiga kigelegele peke yangu uani, na kesho yake nikakata miche ya manjano. Zamzam akaitazama, akasema itafaa kuoshea gari la bwana harusi. Nilicheka naye, halafu nikaingia chumbani nikalia kwa hasira. Haikuwa hasira ya sabuni tu. Nilikuwa najiuliza nilikukosea nini hata usiniamini na kitu kidogo hivyo.

Siku zote hizo Baba alikuwa kitini pake akinitazama. Tangu astaafu ni redio na kimya. Jana nilipokuwa naiuliza simu tena, mtandaoni, habari za maua, akaizima redio.

"Mama yako hapana tia maua," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Alikuwa natia tofali."

Nikamkodolea macho.

"Ile tofali imeiva sana. Mimi nasaga, yeye nachunga na mtandio."

Nikamwuliza kwa nini amekaa akiniona nahangaika.

"Wewe uliuliza simu," akasema. "Mimi nani aliuliza?"

Mama, nyinyi wawili mtaniua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yako ilikuwa koplo mstaafu ambaye ukimwamuru kunyamaza hanyamazi nusu. Nikataka kujua siri ilikuwa ya nini. Akasema uliogopa. Nani angekubali mwanawe asuguliwe na tofali siku ya hina? Na mimi, akasema, mdomo wangu ulikuwa unafika bombani kabla ya miguu.

Leo asubuhi, Zamzam akiwa sokoni, Baba ameokota vipande nyuma ya nyumba akavisaga mwenyewe. Alikataa nimsaidie. Nikachunga kwa mtandio wako wa zambarau, mara mbili, mpaka vumbi likawa laini kama unga wa uji. Zamzam aliporudi akavuta kigoda karibu na sufuria, akaanza kuuliza safari hii natia nini, na kwa nini bakuli nimelifunika. Nilitaka kumwambia. Nikamfikiria akiwa mbele ya shangazi zake, na mdomo ule ule aliourithi kwangu. Sabuni ikaanza kuwa nzito.

"Zamzam, kalete maji."

"Maji gani, dada? Bomba si hili hapa?"

"Ya kwa jirani. Nenda tu."

Aliporudi rangi ilikuwa imeshaingia. Nyekundu, Mama, ile yako hasa. Akasimama na ndoo mkononi, machozi yanamtoka, akaniuliza nimetia nini.

Nikamwambia karkade. Baba akaongeza sauti ya redio.

Pumzika, Mama. Zile foleni za bombani bado sijakusamehe.

Binti yako mkubwa,
mleta maji.